Kafiri, mshenzi, Bantu: jina la watu huharibikia ofisini

Machi 2018 mahakama ya Randburg, Afrika Kusini, ilimhukumu mwanamke mmoja wa Kizungu, wakala wa nyumba, kifungo cha miaka mitatu, mwaka mmoja kati ya hiyo ukiwa wa nje kwa masharti. Hakuiba wala hakumpiga mtu. Miaka miwili nyuma vibaka walilivunja gari lake, naye akawageukia polisi waliokuja kumsaidia pamoja na wapokea simu za dharura, akawaporomoshea matusi. Kwa hesabu ya mahakama, neno moja alilitamka mara 48. Neno hilo ni "kaffir".

Ukiiandika habari hiyo kwa Kiswahili kwamba "alimwita polisi kafiri", umeshaipoteza. Msomaji wa Tanga au Lamu atadhani ni ugomvi wa dini, na atashangaa inakuwaje mtu asiye Mwislamu amwite mwenzake kafiri, tena afungwe kwa hilo. Hata hivyo mfasiri hakukosea kisarufi, maana neno ni lile lile. Lilipita kwetu pwani likiwa njiani kuelekea kusini, na lilivyobadilika huko ndiko kunakoonyesha vizuri zaidi jina la watu linavyogeuka kuwa tusi.

Kwa Kiarabu, kafiri ni aliyeikataa imani. Mzizi wake una maana ya kufunika, na katika Kurani, sura ya 57 aya ya 20, neno la mzizi huo huo linafasiriwa na wafasiri wengi kuwa wakulima, watu wanaofunika mbegu kwa udongo. Rangi haimo kabisa. Kafiri wa Roma na kafiri wa Unyamwezi walikuwa sawa mbele ya neno hilo.

Rangi ilianza kuliingia kwenye mwambao wa Afrika ya Mashariki, ambako wasiokuwa Waislamu walikuwa watu weusi wa bara na wa kusini. Na halikuwa neno la ibada peke yake. Sheria ya dini ilikataza kumtia utumwani Mwislamu huru, kwa hiyo kumwita mtu kafiri kulikuwa pia kusema kwamba huyu anauzika. Wanaolitetea neno hili kwa hoja kwamba "asili yake ni ya kidini tu" huiruka sehemu hiyo, na sisi watu wa pwani huiruka kuliko wote.

Wareno walifika mwaka 1498, wakajenga ngome Sofala mwaka 1505, wakalidaka neno kwa watu wa bandarini. Wakalitamka "cafre", wakalifanya jina la mtu mweusi wa upande huu wa bara, na nchi ya kusini wakaiita Cafraria. Dini ikadondoka njiani. Mreno mwenyewe, machoni pa aliyemfundisha neno hilo, alikuwa kafiri kamili, lakini hilo halikumzuia kulibandika kwa wengine.

Waholanzi walijenga kituo chao Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na huko neno likachukua sura ambayo wengi hawaijui. Katika utawala wa Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki, "caffers" walikuwa wasaidizi wa mwendesha mashtaka. Kazi yao ilikuwa kukamata watoro, kuchapa watu viboko na kutekeleza adhabu nyingine ambazo askari wa Kizungu hakutaka kuzigusa, na wengi wao walikuwa wafungwa walioletwa kutoka Asia. Yaani kwa muda neno lilimhusu Mjava aliyeshika kiboko. Neno la kabila halina mfupa, hukaa popote watawala wanapoliweka.

Waingereza walipoichukua Rasi walilielekeza kwa Waxhosa. Vita tisa vya mpakani, kati ya mwaka 1779 na 1879, viliitwa kwa jina hilo, na mwaka 1847 wakaunda jimbo la British Kaffraria. Wamisionari waliandika kamusi za "lugha ya Kafir", wakimaanisha Kixhosa, na ukizisoma huoni dalili yoyote kwamba mwandishi alidhani anamtukana mtu. Mtama uliitwa "kaffir corn". Kwenye soko la hisa la London, hisa za migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini ziliitwa "Kaffirs", na wanunuzi wenye kofia ndefu walilitamka siku nzima kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Likaharibikia wapi basi? Tazama maneno lililoyazaa kwa Kiafrikaans. "Kafferwerk" ni kazi ya hovyo, au kazi isiyomstahili Mzungu. "Kafferboetie", kaka wa makafiri, ni Mzungu anayewapenda mno watu Weusi. Hapo jina halitaji tena watu, linapima ubora wa vitu, na watu ndio mizani ya ubaya. Dalili hii ni ya kuaminika kuliko zote: jina la kabila au taifa likishakuwa kivumishi cha kitu kibovu, hata mwenye nia njema hawezi tena kulitumia kwa amani, kwa sababu msikilizaji anayasikia yale maneno mengine nyuma yake. Nitairudia dalili hii kwa Kiswahili chetu, maana haituachi salama.

Mahakama zilichelewa kuliko wasikilizaji. Mwaka 1976, ubaguzi wa rangi ukiwa ungali na nguvu, mahakama ya Natal ilikubali kwamba polisi kumwita mtu hivyo ni kumvunjia heshima. Novemba 2016 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya mfanyakazi wa mamlaka ya kodi aliyemtukana mkubwa wake wa kazi, ililiweka neno hilo juu kabisa ya matusi anayoweza kutupiwa Mwafrika nchini humo. Leo magazeti ya kule huandika "neno la K" na kuliacha lenyewe nje.

Lakini neno hilo hilo lina ndugu wanaoishi kwa raha. Kisiwani Réunion, ambako Wafaransa walipeleka watumwa kutoka Msumbiji, Kilwa na Madagaska, mtu mweusi huitwa "Kaf" na mwanamke "Kafrine", na tarehe 20 Desemba, siku ya kukumbuka kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1848, ni sikukuu iitwayo Fèt Kaf. Watu hucheza ngoma ya maloya na kujiita kwa jina hilo bila kumung'unya. Sri Lanka kuna jamii ndogo, karibu na Puttalam, ya kizazi cha Waafrika walioletwa na Wareno, na wenyewe hujiita Kaffir. Afghanistan nako kulikuwa na Kafiristan, ambako watu wake hawakuwa weusi hata kidogo. Amiri Abdur Rahman alipowateka na kuwasilimisha mwaka 1896 aliibadili nchi yao jina ikawa Nuristan, nchi ya nuru. Kwa hiyo hapo maana ya kwanza, ya dini, ilibaki mpaka siku ya mwisho.

Chanzo ni kimoja, na hatima ziko nne au tano. Asili ya neno haiwezi kuueleza mgawanyiko huu, wala sauti yake. Kinachoueleza ni kilichofanyika ofisini. Réunion ilikuwa na utumwa wa kutisha, lakini baada ya 1848 hapakuwa na idara iliyomwandika mtu "Kaf" katika kitambulisho ili imzuie kulala mjini. Afrika Kusini ilikuwa nayo, tena kwa miaka mingi, na pale ndipo pa kuangalia kwa makini, kwa sababu serikali ile ilibadilisha jina mara kwa mara huku ikiacha kila kitu mahali pake.

"Kaffir" lilipoonekana halifai tena kwenye nyaraka za serikali, mahali pake pakakaliwa na "Native". Sheria ya Ardhi ya Natives ya mwaka 1913 iliwaachia Waafrika karibu asilimia 7 ya nchi. Sheria ya 1936 ikapandisha kiwango mpaka kama asilimia 13. Kufikia miaka ya 1950 "Native" nalo likawa chungu, likaletwa "Bantu": Sheria ya Mamlaka za Bantu ya 1951, Sheria ya Elimu ya Bantu ya 1953, na mwaka 1958 Idara ya Mambo ya Natives ikawa Idara ya Utawala na Maendeleo ya Bantu. Wanafunzi wa Soweto walipoandamana Juni 1976 walikuwa wakikataa elimu iliyobeba jina hilo. Mwaka 1978 idara ikabadilishwa jina tena, ikaitwa ya Uhusiano wa "Plural". Hebu fikiria: wizara inayoitwa Wingi, kama sura ya kitabu cha sarufi! Watu walicheka sana, wakauliza kama mtu mmoja aliyetoka shamba ataitwa wingi wa kijijini. Mwaka uliofuata ikawa Ushirikiano na Maendeleo. Wakati wote huo kitabu cha pasi, kilichoitwa "dompas" mitaani, kiliendelea kukaguliwa na polisi wale wale kwenye kona zile zile. Ni kuibadilisha nguo maiti isiyozikwa.

Wataalamu wa lugha hupenda kusema kwamba jina jipya huchakaa kwa sababu watu huhamishia dharau ya zamani kwenye neno jipya. Ni kweli, ila maelezo hayo yanaiachia dharau ielee hewani kana kwamba ni hali ya hewa. Katika mfano huu ina anwani, simu na mhuri.

"Bantu" linastahili kusimamiwa kidogo, kwa sababu Mswahili anaweza kuumiza mtu kwalo bila kujua. Neno lilitungwa na mwanaisimu Mjerumani Wilhelm Bleek, katika kazi zake za mwishoni mwa miaka ya 1850 na mwanzoni mwa 1860, kutokana na "-ntu", mzizi wa neno mtu katika lugha hizi, wenye kiambishi cha wingi. Kwetu ni istilahi ya darasani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anajibu kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, anapata alama zake, basi. Mwambie Msauzi wa umri wa miaka 60 kwamba "ninyi na sisi sote ni Bantu", na utamwona anavyobadilika uso. Yeye alilisoma neno hilo kwenye cheti cha shule iliyopangwa kumtayarisha kwa kazi za mikono, na kwenye kibao cha mlango wa nyuma wa posta. Huko wanaisimu wengi sasa huandika "lugha za Kiafrika" au "lugha za Sintu".

Halafu neno hilo hilo, miaka ya 1990, likawa hifadhi. Kusini mwa Somalia kuna watu ambao wengi wao ni wajukuu wa watumwa waliotoka Tanzania na Msumbiji ya leo, na baadhi yao wanasema Kizigua mpaka sasa. Wasomali wengine waliwaita "jareer", nywele ngumu, au "adoon", mtumwa. Walipokimbilia kambi za Kenya, mashirika ya misaada yalihitaji jina la kujaza kwenye fomu, likapatikana "Somali Bantu", na wahusika wakalikubali, kwa kuwa liliwatambulisha kama kundi lililo hatarini. Zaidi ya 10,000 walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Wengine Tanzania iliwapokea Chogo, wilayani Handeni, katika nchi ya mababu zao Wazigua. Jina lililofungia watu mlango Soweto liliwafungulia wengine mlango Dadaab, na milango yote miwili ilikuwa ya ofisi.

Sasa tugeuke upande wa magharibi, maana kuna neno la Kiswahili chenyewe lililosafiri hivyo hivyo, na habari zake hatupendi kuzisimulia. Mshenzi, katika mwambao wa karne ya 19, alikuwa mtu wa bara: asiye mwungwana, asiyevaa kanzu, asiyejua mji. Halikuwa tusi la kumtupia jirani aliyemwaga maji mlangoni kwako. Lilikuwa tabaka. Misafara ya biashara ililichukua mpaka Tabora, Ujiji na Maniema, na waungwana wa huko walilitumia kwa waliokuwa wanawateka.

Walowezi Wajerumani, na baadaye Waingereza, walilikuta tayari limenolewa, wakalitumia kama lilivyo. Katika Kiingereza cha walowezi wa Kenya "shenzi" likawa kivumishi cha kitu chochote kibovu: gari, viatu, mbwa asiye na nasaba. Ile dalili niliyoitaja. Huko Kongo likawa "basenji", jina ambalo Wabelgiji na watumishi wao waliwaitia watu wa vijijini, kinyume cha "évolué", aliyestaarabika kwa vipimo vya serikali na ambaye kuanzia mwaka 1948 aliweza kuomba kadi ya sifa ya uraia. Miaka ya 1930 Waingereza walichukua Kongo mbwa wadogo wa kuwindia, wasiobweka, mkia umejikunja kama pete, wakawapeleka kwao kwa jina la watu waliokuwa wakiwafuga. Leo Basenji ni aina ya mbwa inayotambulika duniani, ina vyama na mashindano yake, na mwenye mbwa huyo Chicago au Stockholm hana habari kwamba anamwita mnyama wake kwa jina walilobandikwa watu.

Pwani, neno lilipoteza rangi na mahali, likabaki ukali mtupu. Akiitwa mshenzi leo, Mchaga, Mdigo au Mwarabu hukasirika kwa kiasi kile kile. Ni njia ambayo maneno machache huipita: kutoka jina la watu fulani hadi tusi la yeyote. Liliwezekana kwa sababu baada ya uhuru hakuna sheria wala fomu iliyoendelea kusema nani mshenzi.

Marekani mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Kule waliobadilisha jina ni wenye jina. "Colored" lilikuwa la heshima mwaka 1909, ndiyo maana limo mpaka leo katika jina la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, ambako herufi C ni ya "Colored". "Negro" likafuata, na mwaka 1930 gazeti la New York Times lilikubali kuliandika kwa herufi kubwa baada ya kampeni ndefu, ulikuwa ushindi. Tayari mwaka 1928 W.E.B. Du Bois, mwandishi Mmarekani mweusi, alimjibu kijana aliyelichukia neno hilo kwamba kubadilisha jina hakutabadilisha hali. Alikuwa na haki kwa nusu. Kizazi cha miaka ya 1960 kilichukua "Black", neno lililokuwa tusi mdomoni mwa babu zao, wakaligeuza bendera. Wizara ya Pretoria isingeweza kufanya hivyo hata kwa miaka mia. Sensa ya Marekani iliendelea kuweka "Negro" kwenye fomu zake hadi ya mwaka 2010, na sheria za shirikisho zikasafishwa mwaka 2016 kwa saini ya Obama. Kama kawaida, ofisi ndiyo ya mwisho kusikia.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, tabu ya Marekani na Uingereza ni kwamba tofauti inayomfukuzisha mtu kazi haipiti kwenye lugha yetu. Tarehe 10 Novemba 2020 Greg Clarke, mwenyekiti wa chama cha soka cha England, aliwaambia wabunge habari za wachezaji "coloured". Alijiuzulu siku hiyo hiyo. Angesema "people of colour", asingeulizwa kitu kwa neno hilo. Kwa Kiswahili vyote viwili ni "watu wa rangi", na ukiandika hivyo msomaji wako hataelewa mwenyekiti ameondokea nini. Dawa si kutafuta kisawe kizuri zaidi, maana hakipo. Liache neno la asili ndani ya alama za kunukuu, kisha eleza kwa sentensi moja kwamba ni neno lililoandikwa kwenye vibao vya kubagua watu. Sentensi moja inatosha.

Na usilihamishie Afrika Kusini maelezo hayo hayo. Huko "Coloured" ni jina la jamii hai, iliyokuwa asilimia 8.2 ya watu wote katika sensa ya 2022. Wengi wanalibeba bila haya, na wengine wanalikataa kwa sababu liligongwa mhuri na sheria ya usajili wa watu ya 1950. Vyombo vyetu hupenda kuwaita machotara, na hapo kuna makosa mawili. La kwanza ni la historia: hao ni kizazi cha Wakhoi, Wasan, watumwa wa kutoka Indonesia, India, Madagaska na Msumbiji, pamoja na Wazungu, kwa zaidi ya miaka 300, si watoto wa baba huyu mweupe na mama yule mweusi. La pili tunalo wenyewe. Pita kwenye mabanda ya mifugo mjini uone vibao: kuku chotara, ng'ombe chotara, mbuzi chotara. Mtu akisoma hivyo asubuhi, jioni uje umwite mwanawe chotara, usimwambie kwamba ni neno la kamusi tu.

Wahispania na watu wa Amerika ya Kusini wana kesi yao. Novemba 2020 Edinson Cavani wa Manchester United alimjibu rafiki yake mtandaoni "Gracias negrito". Chama cha soka kilimfungia mechi tatu na kumtoza pauni 100,000, na taasisi ya lugha ya Uruguay ikatoa tamko kali kwamba Waingereza hawajui Kihispania. Mwaka 2011 Luis Suárez, naye wa Uruguay, alikuwa amefungiwa mechi nane kwa kumwita Patrice Evra, mchezaji mweusi wa Ufaransa, "negro" katikati ya ugomvi uwanjani. Alijitetea kwa hoja kwamba kwao ni neno la kawaida, lakini wataalamu wa Kihispania walioitwa walisema inategemea linasemwa vipi, na jopo likaona hakuna upole katika mabishano yale. Kwa maoni yangu Suárez alistahili, Cavani alionewa. Neno la mapenzi lipo kweli kwao, na rafiki yake hakulalamika. Kosa la Cavani ni kulisema mbele ya umma wenye historia tofauti, na hilo lingetosha kwa onyo.

Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Mwaka 2018 iliamua kwamba "swart man", mtu mweusi, maneno mawili yasiyo na doa, yanaweza kuwa ya kibaguzi. Mfanyakazi wa mgodi karibu na Rustenburg aliingia kwenye kikao akifoka kwamba gari la "yule swart man" liondolewe, ingawa angeweza kuuliza jina la mwenzake. Wengine waliona ni kuzidisha. Mimi naona mahakama ilipima ilichopaswa kupima: nani kasema, kwa nani, na alikuwa na njia gani nyingine ya kumtaja.

Kenya imejaribu njia ya orodha. Aprili 2022, kuelekea uchaguzi, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa maneno ya kuepukwa, na humo mlikuwa na "kaffir", "wakuja", "wabara waende kwao" na "madoadoa". Hili la mwisho linafundisha. Doa ni doa, liko kwenye nguo na kwenye ndizi. Lilipata sumu Bonde la Ufa miaka ya 1990, wanasiasa walipolitumia kwa jamii walizotaka zifukuzwe, na nyumba zikachomwa kweli. Orodha inasaidia polisi na mwendesha mashtaka. Haimsaidii sana mhariri, kwa kuwa hutoka baada ya neno kufanya kazi yake, na mtaa huwa umeshapata jingine.

Mhariri anasaidiwa zaidi na ile dalili ya kivumishi. Ipitishe kwenye majina yetu. "Mzungu" linapita kwa urahisi: kitu cha Kizungu kwetu ni kitu kizuri au cha gharama, na hilo ni tatizo la aina nyingine. "Kaburu", lililotokana na Boer, lilikuja na walowezi waliohamia Meru, karibu na Arusha, baada ya vita vyao na Waingereza vilivyokwisha 1902, na wengine waliofika Eldoret mwaka 1908; miaka ya ukombozi redio ililifanya kuwa jina la mdhalimu, na leo katibu kata akiwasumbua watu huitwa kaburu. Kwa hiyo usimwandike hivyo mkulima wa Kiafrikaana aliyekuja kununua shamba Iringa, hata kama kamusi inakuruhusu. "Mswahili" nalo, kwa bara, limeanza kubeba ujanja na maneno mengi. Wenye jina wanalijua hilo, na wanacheka nalo wenyewe.

La kuangaliwa sasa ni "Mchina". Simu ya Kichina, spea ya Kichina, makalio ya Kichina. Kivumishi kimeshakamilika; Kariakoo muuzaji akisema "hii Mchina" hataji nchi, anakuambia haitadumu, na kwa hiyo bei ni nusu. Mafundi hulisema bila chuki yoyote, kama wale wanunuzi wa hisa wa London. Bado hakuna fomu wala sheria nyuma yake, na Mchina wa Tanzania au Kenya mara nyingi ndiye mwajiri, si mwenye kuajiriwa. Lakini wapo pia watoto wao wanaosoma shule zetu, na vibarua wao wanaokaa kwenye kambi za ujenzi wa barabara. Vyumba kadhaa vya habari vinaandika "raia wa China" kwenye habari za polisi na mahakama, na kuliacha "Mchina" kwa lugha na chakula. Ni utaratibu mzuri, ila usimame kwenye uraia kweli: mtoto aliyezaliwa Mwanza mwenye pasipoti ya Tanzania si raia wa China, na habari inayomhusu haina sababu ya kutaja wazazi wake wametoka wapi, isipokuwa kama kesi yenyewe inahusu hilo.